Naomba na Mimi Mnijue

Hapo zamani za juzi, katika nchi ambayo jina lake haliruhusiwi kutajwa bila kibali (kibali hutolewa Jumanne, na Jumanne ofisi hufungwa), mimi Zablon Kitundu nilikuwa karani wa Idara ya Mizani na Vipimo. Naanza kwa kuapa kwamba sina kijicho. Watu wanasema ninacho. Mtu akipata chake mimi humpongeza, tena kwa mikono miwili, halafu naenda zangu chooni kukaa kidogo mpaka moyo utulie. Hicho si kijicho, hiyo ni presha.

Mezani tulikuwa wawili, mimi upande wa dirisha na Nikodemu Chambi upande wa mlango. Tulikaa hivyo miaka kumi na saba. Nikodemu ni mtu ambaye mende akipita yeye huinua mguu ili asimsumbue. Siku moja panya alinaswa kwenye mtego wa masijala, Nikodemu akamfungulia na kumwomba radhi. Kutoboa faili nilimfundisha mimi, na hata baada ya kumfundisha, matundu yake yalikwenda upande. Nayasema haya mapema ili uelewe nilichokuja kupata.

Katikati yetu ilikaa taipureta ya Idara, msaada kutoka nchi rafiki. Siku ya kuizindua alikuja Waziri, akakata utepe, akatoa hotuba ya saa mbili kuhusu umuhimu wa kuandika kwa kifupi, kisha akaombwa abonyeze herufi ya kwanza ya neno Jamhuri. Akaibonyeza kwa uzalendo mkubwa sana. J ikang'oka. Sisi tulidhani ataitwa fundi, kumbe tulikuwa tunakosa adabu. Herufi iliyoguswa na Waziri haiwezi tena kuguswaguswa na makarani. J ikawekwa kwenye kabati la kioo pale mapokezi, ikawekewa na mlinzi wake wa kuilinda.

Tangu hapo barua zetu zote zilitoka bila j. Jumatatu ikawa umatatu, Bwana Juma wa stoo akawa Bwana Uma, na Jamhuri yenyewe ikawa Amhuri. Kanuni ilisema kila karani azitie j zake kwa kalamu kabla barua haijatoka. Mimi nilizitia, tena na vidoti vyake. Nikodemu alikuwa anasahau. Humu ndani haikudhuru kitu, maana sote tulishazoea kuisoma j hata mahali isipokuwepo.

*

Jumatatu moja likabandikwa tangazo kwenye ubao, karibu na zamu za kusafisha vyoo. Lilisema: SIRI KUU. Watumishi wote wanajulishwa kwamba Ndugu Nikodemu Chambi ameteuliwa kuwa Msindikizaji wa Taifa. Atakayelijua jambo hili atachukuliwa hatua.

Tulilisoma wote, kisha tukaambiana kwamba hatujalisoma.

Kwa msomaji asiye wa kwetu nieleze kidogo. Kitengo cha Kusindikiza hakipo. Kiko ghorofa ya tatu, kwenye mlango ulioandikwa HAKUNA OFISI HAPA, na foleni yake huanzia kwenye ngazi. Mkuu wake ni Mheshimiwa Dokta Kanali Balozi Ndelamio, na hotuba yake tunaijua kwa moyo, kwa sababu huitoa kila mwaka kwenye sikukuu ya kutunza siri. Husema kwamba sote hapa duniani ni wageni, dunia ni mapito. Na desturi yetu nzuri ya asili, mgeni akishashiba, haachwi aondoke peke yake. Husindikizwa. Basi mwananchi akionekana ameishiba nchi, yaani ameanza kuulizauliza, hutembelewa na Msindikizaji, na kesho yake gazeti huandika kwamba mafua yalimzidi.

Sasa kazi hiyo, ya watu wenye vifua, akapewa Nikodemu.

Walimletea miwani myeusi. Walimletea koti refu lenye mifuko ya ndani. Haya nilistahimili. Lakini Jumatano likaja gari, na watu wanne wakashusha kiti. Jamani, kile kiti. Kilikuwa cha ngozi, cha kuzunguka, chenye mahali pa kulaza kichwa. Wakakipeleka moja kwa moja kwenye meza yetu, maana ili Nikodemu asitambulike iliamriwa aendelee kukaa palepale na kazi yake ileile. Mimi kiti changu kina miguu mitatu, wa nne ni tofali. Nikawa nimekaa juu ya tofali, natazama mtu anazunguka. Tena hakuzunguka kwa makusudi, kilimzungusha chenyewe kila alipokohoa, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Mama Chausiku wa chai, ambaye miaka yote humimina kuanzia dirishani, siku hiyo alianzia mlangoni. Nikodemu akapata vitumbua vitatu. Mimi nikapata kikombe kisicho na mkono na salamu za haraka. Alipogeuka kuondoka nikaisoma kanga yake: MWENYE WIVU AJINYONGE. Niliiona kama imenunuliwa kwa ajili yangu.

Nyumbani nako hakukukalika. Mke wangu Skolastika alikuwa ameshapata habari, kwa sababu ilikuwa siri. Akauliza kama ni Nikodemu yuleyule wa kuogopa kuku. Nikamwambia ndiye. Akageuza ugali, kisha akasema, "Wewe walikusahau, au walikukumbuka wakakuacha?"

Basi nimwambie ukweli msomaji, maana sasa sina cha kupoteza: nilimwonea wivu Nikodemu mpaka jino likaniuma. Sikutamani kuua mtu. Nilitamani waniogope kidogo tu, na nikalie kile kiti.

*

Alhamisi mchana Nikodemu aliniita stoo. Tukasimama kati ya mizani mibovu na magunia ya unga tuliyokamata kwa wafanyabiashara wa kupunja. Akavua miwani, macho yake yalikuwa mekundu. Akatoa nakala ya fomu yake ya tathmini ya mwaka, ile ambayo kila mtumishi huijaza aeleze uwezo wake. Mwaka ule mimi niliijaza kwa mkono, kwa sababu ya mwandiko wangu. Yeye aliipiga taipu, akasahau kalamu.

Alikusudia kuandika kwamba anajua watu wengi, wakubwa kwa wadogo, kwamba alianza kujua akiwa shuleni, na kwamba kwa msaada wa Mungu anaendelea kujua kila siku. Karatasi ilisema hivi: "Naua watu wengi, wakubwa kwa wadogo. Nilianza kuua nikiwa shuleni, na kwa msaada wa Mungu naendelea kuua kila siku."

Ghorofa ya tatu taipureta zao ni nzima. Wao hawakuwa na mazoea ya kuisoma j mahali isipokuwepo.

Nikodemu alieleza kwa sauti ya chini. Sheria ya Kitengo inamtaka Msindikizaji mpya amsindikize mgeni wake wa kwanza kabla ya saa sita ya Ijumaa ya wiki ya pili. Akishindwa, husindikizwa yeye. Alikuwa ameandika barua ya kueleza kosa, safari hii j zote amezitia kwa kalamu, lakini mwenyewe haruhusiwi kuonekana kwenye ofisi ambayo haipo. Akaiweka mkononi mwangu, akanishika na kiganja.

"Zablon, ndugu yangu, wewe ndiye ninayekuamini. Nipelekee."

Nikamwahidi. Hata machozi yalinilengalenga, ila mimi najua yalikuwa ya nini. Yaani kwa herufi moja! Kiti kile, miwani, vitumbua vitatu, vyote vimeletwa na j moja iliyokosekana, na mimi niliyeandika j zangu vizuri, kila moja na kidoti chake, nimekalia tofali. Mwandiko wangu ndio ulioniponza.

Nikarudi mezani. Barua ya Nikodemu nikaiweka kwenye droo yangu, chini ya mihuri ya zamani, nikajiambia kwamba nitaipeleka kesho. Halafu nikavuta taipureta.

Nikaandika kwamba mimi, Zablon Kitundu, najua watu wengi kuliko Nikodemu Chambi. Nikaandika kwamba nilianza kujua kabla yake, na kwamba yeye, hata hicho kidogo anachojua, nimemfundisha mimi. Kila nilipobonyeza pale palipokuwa na j na kukuta tundu tupu, nilicheka peke yangu. Kalamu nikaifungia kabisa, mkono usije ukazitia j kwa mazoea.

Lakini nililelewa na watu. Barua ya serikali isiyo na maneno ya unyenyekevu mwishoni ni kama mtu aliyetoka bila suruali. Kwa hiyo nikaongeza mstari wa heshima: "Kwa taadhima, nimesubiri miaka kumi na saba bila kutazamwa. Naomba na mimi mnijue." Nikaisoma yote tangu juu hadi chini kwa macho ya Idara yetu, nikaona imekaa sawasawa. Nikaipeleka ghorofa ya tatu kwa mikono yangu.

Ile ya Nikodemu nayo sikuipeleka kesho yake, wala keshokutwa.

*

Jumatano ya wiki ya pili nikapata jibu lenye mihuri mitatu. Lilisema ombi langu limekubaliwa kama lilivyoandikwa. Serikali imeguswa mno, kwani ni nadra kumpata mtumishi anayeomba jambo hili mwenyewe, bila kusukumwa. Nitatembelewa Ijumaa saa nne asubuhi, tafadhali niwe nimekunywa chai.

Loo, siku ile nilitembea katikati ya barabara. Nikapita sokoni nikachukua miwani myeusi, tena myeusi kuliko ya Nikodemu, ukiivaa huoni kitu. Skolastika alipoisoma barua akaenda jikoni, akarudi na paja la kuku. Miaka yote hiyo mimi ni mtu wa shingo. Alikaa pembeni akanitazama ninavyokula, na mara mbili alinirekebishia kola.

Alhamisi nilizunguka ofisi nzima kuaga wadogo. Kwa Bwana Juma, kwa wapima mafuta, kwa mlinzi wa J. Kisha nikafika kwa Nikodemu. Nikamwambia aanze kujiandaa kusogeza kiti chake, maana kuna cha mwenzake kinakuja. Alikuwa na faili jipya jekundu mbele yake, amelifunika kwa mikono. Aliniuliza tu stepla iko wapi, nikamwambia atazame kwenye droo yangu, mimi nikaendelea na safari yangu kwenda kuwaaga waliobaki.

Ndiyo. Droo yangu. Kichwa changu siku hiyo hakikuwa na nafasi ya mambo madogo.

*

Ijumaa saa nne nilikuwa nimekaa mezani na suti yangu ya harusi, nimevaa miwani, nimekunywa chai. Nikasikia mlango unafunguliwa na kufungwa kwa ufunguo. Nikavua miwani ili nione ni mheshimiwa gani, nikamwona Nikodemu, amevaa koti, amebeba lile faili jekundu. Hakukalia kiti chake. Alikaa kwenye kona ya meza, akalifungua faili, akalisogeza mbele yangu.

Ilikuwa barua yangu. Mtu alikuwa ameipitia kwa kalamu nyekundu. Pale palipoandikwa "naua watu wengi" paliwekwa vema moja. Pale chini, kwenye mstari wangu wa heshima, palipigwa mistari miwili: "Naomba na mimi mniue." Na pembeni Mheshimiwa Dokta Kanali Balozi ameandika kwa mkono wake mwenyewe: Ameua wengi, sasa anajuta. Mzalendo halisi. Tumsaidie upesi.

Nikamwambia Nikodemu ni j. Nikamwambia yeye anajua ni j, mashine anaijua, hii si haki, aende akawaeleze.

"Najua ni j," akasema.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa ndani. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, mkononi hakuwa na bastola, alikuwa na barua yake ya kueleza kosa, imekunjwa vilevile alivyonipa, na juu yake ina alama ya muhuri wa zamani. Akailaza juu ya ile yangu.

"Zablon," akasema, "nimejua."

Nilitafuta uongo, na mimi kwa uongo si haba, lakini hata mmoja haukuja. Nikasema nilimwonea wivu. Nikamtajia miwani, nikamtajia vitumbua, nikamtajia kiti, hasa kiti. Nilipomaliza nilikuwa nalia kwa sauti ya kitoto.

Nikodemu alikitazama kiti chake kwa muda, kama hakuwahi kukiona.

"Kiti?" akasema. "Si ungeniambia, ningekupa."

Sijawahi kupigwa vile. Bora angetoa bastola.

Kisha akaitoa. Akanieleza kwa utulivu, jinsi tunavyoelezana mambo ya kazi, kwamba leo ndiyo siku yake ya mwisho. Nisiposindikizwa mimi kabla ya saa sita, atasindikizwa yeye, na ana watoto wanne. Amepewa risasi moja kwa fomu, na ganda lake lazima lirudishwe pamoja na taarifa ya maandishi. Akaniambia nisimame. Nikasimama. Akaniambia nisogee kushoto, nikasogea. Akafumba macho, mtu huyu, akapiga.

Nilisubiri kuanguka. Badala yake nikaona vumbi jeupe linajaa chumba. Alikuwa amepiga gunia la unga lililoegemezwa ukutani pale niliposimama kwanza, kielelezo namba sita kutoka stoo. Huko nje Mama Chausiku, ambaye alishasoma kwenye ubao kwamba saa nne na robo atapata habari za ghafla, alianza kulia kwa wakati.

Nikodemu akajipangusa unga usoni, akaliokota ganda, akaketi, akavuta taipureta. Hana kasi, anatumia kidole kimoja. Aliandika neno moja tu, akaweka sahihi. Neno alilobonyeza lilikuwa "nimejua". Kwenye karatasi likatoka: Nimeua.

Kalamu ilikuwa palepale karibu na mkono wake. Hakuigusa.

"Sijaandika uongo," akasema, akatoka kuipeleka.

*

Kitengo kiliridhika. Nikodemu alipewa nishani na, kwa kuwa mgeni wake wa kwanza alikuwa mtu aliyejiombea mwenyewe, alisifiwa kwa upole katika kazi, akapumzishwa kwa heshima na kurudishwa kwenye mizani. Mimi nikawa marehemu.

Usidhani sikujitetea. Nilikwenda ghorofa ya tatu, nikapanga foleni. Nikaambiwa ipo Fomu ya Kufufuka, ila inapaswa kujazwa na marehemu mwenyewe akiwa hai, na idhaminiwe na watu wawili waliowahi kufufuka. Karani alinieleza bila kunitazama, kwa sababu tangazo la kifo changu pale ubaoni lilikataza kuniona. Watu wetu ni watiifu. Bwana Juma nilimsalimia, akaitikia kwa kumwambia ukuta kwamba Zablon alikuwa mtu wa salamu sana.

Mazishi yalifana. Walizika jeneza lenye mawe ya mizani ya kilo sabini, ingawa mimi sijawahi kuvuka sitini na mbili, na nikiwa mtu wa vipimo hilo lilinikera. Nilisimama nyuma ya umati. Mheshimiwa Dokta Kanali Balozi Ndelamio alisema taifa limempoteza mtu aliyejua alichokitaka na akakiomba kwa maandishi. Akatangaza kwamba marehemu ndiye Mfanyakazi Hodari wa Mwaka. Watu wakapiga makofi hapohapo makaburini.

Picha ya marehemu ikatundikwa mapokezi, juu ya kabati la J. Na chini ya picha, jamani, wakaweka kile kiti. Cha ngozi, cha kuzunguka. Kimevishwa shada la maua, kimezungushiwa kamba, hakuna ruhusa mtu kukikalia. Kila asubuhi Mama Chausiku huweka mbele yake chai ya kwanza na vitumbua vinne. Vinne! Mimi hupita pale kila siku, nasimama nyuma ya kamba, natazama. Nilifanya kazi na mtu yule miaka kumi na saba. Namjua vizuri. Hakuwa na lolote.

Nikodemu ndiye peke yake anayeniona, labda kwa sababu hasomi matangazo vizuri. Akihakikisha hakuna mtu, huchukua kitumbua kimoja pale kwenye kiti, hukifunga kwenye karatasi na kunipa kupitia dirishani. Nilimwomba msamaha mara ya pili. Aliniambia ameshanisamehe, kisha akaniomba nisisimame karibu na droo.

Imebaki nyumbani. Skolastika alipata barua yenye mihuri mitatu, na yeye ni raia mwema. Arobaini ilipofika nyumba ilijaa watu. Akawasimulia jinsi marehemu mumewe alivyokuwa mpole, hakumwonea mtu wivu hata siku moja, akipata kidogo anashukuru. Alilia kweli, machozi ya haki. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni na njaa yangu, nikawa namsikiliza, na moyo ukaanza kuniwaka, maana mimi hajawahi kunisema hivyo.

Watu walipoondoka nikaingia, nikavuta kiti changu cha siku zote pale mezani. Kulikuwa na sahani imefunikwa, na ndani yake paja la kuku.

"Hapo usikae," akasema bila kugeuka. "Hapo ni pa marehemu."

Nikainuka, nikaenda kukalia ndoo.